Kipande cha Nane: Maisha ya Herminia Tipacti Legua, Fundi wa Huarangal (1944–2019)

Nasoma maisha ya dada yetu Herminia mbele ya jeneza lake, mimi mdogo wake Abdón, katekista wa kigango hiki. Familia ingependa yasomwe mazuri tu. Mwenyewe aliagiza yasomwe yote. Maisha yake yote hakuwahi kumpunja mteja kitambaa, kwa hiyo nasi hatuna ruhusa ya kumpunja maneno yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Septemba 1944 hapa Huarangal, katika bonde la Palpa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Saturnino Tipacti, kibarua wa mashamba ya pamba, na mama Dominga Legua. Mama alifariki mwezi Mei 1957, marehemu akiwa na miaka kumi na miwili na mimi minne. Yeye ndiye aliyenilea. Suruali yangu ya kwanza ya shule aliishona kwa gunia la unga, akaligeuza ndani nje ili wenzangu wasisome maandishi.

Alisoma hapa hapa mpaka darasa la tano, kisha akajifunza ushonaji kwa masista mjini Ica, mwaka 1959 hadi 1961. Alipohitimu, masista walimzawadia mkasi wa chuma. Haukupita mwezi nikaukatia waya wa banda la kuku, ukapata pengo karibu na ncha. Alinichapa mara moja, halafu akacheka, akasema, "Sasa kila nguo ya bonde hili itabeba alama ya ujinga wako." Ndivyo ilivyokuwa. Kila mkato ulipofika mwisho, uzi mmoja ulivutika ukabaki umetokeza. Wateja hawakuona. Yeye aliona.

Alifunga ndoa na Zenón Aquije, dereva wa lori la pamba, Jumamosi tarehe 20 Julai 1968. Wazee waliopo wanakumbuka kwamba misa ilichelewa. Bibi harusi alipofika mlangoni aliona pindo la suruali ya bwana harusi limekwenda upande, akamwamuru akae kwenye ngazi, akalifumua na kulishona upya huku Padre akisubiri. Zenón alimnong'oneza kwamba watu wanatazama. Akamjibu, "Watazame. Huendi mbele ya Mungu na pindo hilo." Mungu aliwajalia watoto wawili, Nilda na Fortunato. Zenón alitutoka mwaka 1996.

Kazi yake mnaijua. Gauni za komunyo ya kwanza, majoho ya zambarau ya waumini wa Bwana wa Luren, Yesu Msulubiwa wa Ica, kila Oktoba, sare za shule. Lakini ipo kazi moja ambayo hamkuiona, na hiyo ndiyo aliyoagiza isomwe.

Ijumaa Kuu, tarehe 24 Machi 1978, saa tisa mchana, wakati ninyi mko kwenye maandamano ya Msalaba, Zenón na mimi tulikuwa mlimani tunachimba kaburi la watu wa kale. Tulichagua siku hiyo kama wengi walivyofanya, kwa sababu wazee walisema kwamba siku Bwana anapolala kaburini, makaburi ya kale husogea juu. Na polisi nao huwa kwenye maandamano. Marehemu alituletea sufuria ya pallares, yale maharage mapana ya kwetu, akakaa kivulini kati ya mawe mawili. Tulitoa maiti iliyofungwa ndani ya shuka kubwa lililotariziwa ndege wekundu na wa buluu. Tulilivua shuka. Mifupa tuliiacha juani.

Dalali aliyekuwa akinunua vitu vya makaburini alisema shuka zima litamfunga jela, ila vipande vidogo mgeni anavitia mkobani. Marehemu aliukunjua mkasi wake mezani, akalikata shuka vipande vinane. Dalali alichukua saba. Cha nane, cha pembeni, alikikataa, akisema kimeharibika. Mdogo wa marehemu alikitupa mferejini.

Ikapita miaka thelathini na minne. Agosti 2012 alifika hapa mtafiti wa mambo ya kale, Daktari Graciela Echandía, akatandaza picha kwenye meza ya ukumbi wa kanisa. Zilikuwa picha za vipande vya kitambaa vilivyo kwenye makumbusho ya nchi za mbali, na chini ya kila kimoja pameandikwa kwamba kilikotoka hakijulikani. Akina mama wa jumuiya walitania kwamba marehemu mwenye shuka hilo alivaa vizuri kuliko wao walio hai. Dada hakucheka. Aliinama juu ya picha akaona, mwisho wa kila mkato, uzi mmoja uliovutika.

Alikaa na jambo hilo moyoni miezi saba. Aliponiambia kwamba anakwenda kusema, nilimkatalia.

"Dada, ukimfungulia mdomo yule daktari, tumekwisha. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa kipaimara."

"Basi wafundishe na hili."

"Watu watatutemea mate."

"Mimi si nilimvua nguo mtu Ijumaa Kuu? Wacha wateme."

Tulimnunia mwaka mzima. Baadhi yenu mlihamishia nguo zenu kwa fundi mwingine, na mimi sikumtetea. Machi 2013 alipanda mlima na Daktari akiwa na miaka sitini na minane, akatafuta mawe mawili aliyokalia siku ile, akayapata. Shimo letu lilikuwa bado wazi. Pembeni, kwenye takataka tulizozipiga teke, walikuta kikapu kidogo chenye pia ya kusokotea na mabunda ya uzi mwekundu na wa buluu. Uzi ule ule wa shuka. Mifupa ilikuwa ya mwanamke mzee. Daktari aliposema kwamba bila shaka mama huyo alizikwa na vifaa vya kazi yake, dada alikaa chini kwenye mchanga.

"Alikuwa fundi mwenzangu," alisema. "Nimemvua fundi mwenzangu."

Hapo ndipo alipoeleza jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Pembe moja ya shuka ilikuwa haijamalizika kutariziwa, na ndani yake imechomekwa sindano ya mwiba wa dungusi yenye uzi mwekundu. Kwa mazoea ya kazi aliichomoa ili isipigane na mkasi, akaichomeka kwenye kijimto chake cha sindano. Ilikaa humo mpaka tetemeko la 2007 lilipoangusha nyumba, ikapotea kifusini. Daktari alifurahi sana, maana kama ni kweli, basi mama yule alizikwa na kazi ya mkono wake, na waliomzika waliiacha ilipofikia kwa heshima.

Lakini vipande saba vilivyojulikana vyote vina pindo lililomalizika; chenye pembe ile ni cha nane. Wasomi wenzake Daktari walisema hawawezi kuandika kumbukumbu ya mtu aliyeshiriki wizi bila kitu cha kushika. Kwenye kitabu wakaandika "inasemekana". Dada alimwuliza Daktari maana yake ni nini. Akaambiwa kwamba hawakatai, ila hawaamini. Akasema, "Wana haki. Mimi ndiye niliyekata."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2017. Alisafishwa damu mjini Ica mara tatu kwa wiki bila kunung'unika, na akapokea mpako wa wagonjwa. Ijumaa Kuu ya mwaka huu, tarehe 19 Aprili, aliniita kitandani.

"Abdón, kile kipande cha pembeni ulikitupa mfereji upi?"

"Mfereji wa juu, dada. Zamani zile."

"Basi kilikwenda na maji." Akanipigapiga mkono kama alivyofanya nilipokuwa mtoto.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sabini na minne. Ameacha watoto wawili, Nilda na Fortunato, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja.

Ndugu zangu, mpaka hapa ndipo karatasi mlizo nazo zinapoishia. Yaliyobaki nimeyaandika jana kwa mkono.

Sikukitupa. Nilidhani nitapata mnunuzi mwingine, kisha nikaogopa. Kwa miaka arobaini na mmoja kimekaa kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda changu, juu yake madaftari ya kipaimara. Nilijua dada anaitwa mwongo. Nilijua ninacho kitu cha kushika. Kukitoa kungekuwa kujitaja, nikaona heri adharaulike yeye. Aliponiuliza akiwa anakufa, nikamdanganya tena.

Kopo ni hili hapa, karibu na jeneza. Daktari Graciela yuko nyuma pale, na tukishamaliza kufukia nitamkabidhi mbele yenu. Pindo lake halijamalizika. Uzi mwekundu bado unaning'inia, na tundu ilipochomekwa sindano linaonekana wazi.

Dada Herminia alisema kweli. Mungu ampe sasa pumziko la amani, yeye na fundi mwenzake wa mlimani.