Marehemu Anafika Ijumaa

Nyuma ya soko la mjini Kisii, mwaka wa 1973, lilikuwapo benchi la mbao kando ya jiko la Shueib, muuza kahawa. Mogire wa Nyamarambe alilikalia kwa ajili ya maneno tu; alikuwa Msabato, na Wasabato hawanywi kahawa, kwa hivyo Shueib alimpa maji ya tangawizi. Lakini Alhamisi hiyo, kwa mahangaiko, alikuwa kwenye kikombe cha tatu cha kahawa. Kaka yake, Nyamongo, ambaye habari zilisema amefia Uganda, aliyeliliwa siku nne, na badala ya maiti yake ukazikwa mgomba upande wa kulia wa nyumba kama inavyompasa mwanamume, alikuwa ameandika barua kutoka Busia: yu mzima, na Ijumaa, yaani kesho yake, atashuka kwenye basi. Asilolijua Nyamongo ni kwamba wazee walimkabidhi Mogire kazi ya kumtunza mjane, Kwamboka, na Mogire akatunza hadi akazaliwa mtoto wa kiume. Mtoto akapewa jina la marehemu, yaani Nyamongo.

– Kwanza elewa kwamba mtoto si wako, alisema Ondieki, ambaye kijiweni aliitwa Sheria kwa kuwa alifagia mahakama miaka sita. Ng'ombe wa mahari waliomwoa Kwamboka walikuwa wa Nyamongo.

– Nyamongo alikuwa Kampala! alisema Mogire.

– Ng'ombe walikuwa hapa.

Hoja hiyo Mogire aliijua tangu utotoni, na haikuwahi kumuuma kabla ya mtoto kujifunza kumvuta masharubu.

– Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, alisema Shueib.

– Na mume akitokea mwezi wa ishirini, Sheikh? aliuliza Mogire.

– Hapo kaulizeni kadhi. Mimi nauza kahawa.

Walter aliweka kikombe chini. Yeye kijiweni aliitwa Burma, kwa sababu alipigana huko katika Vita Vikuu vya Pili, na hakuna jambo ambalo hakuliona huko.

– Nyinyi mnaacha shida yenyewe. Shida ni jina. Mtoto hurithi jina la aliyekufa, sasa aliyekufa anakuja kulidai. Burma nilimwona mtu wa namna hiyo. Walimvalisha nepi.

– Mtu mzima? aliuliza Mogire.

– Mwenye ndevu! Azaliwe upya. Huyu Nyamongo asipite mlangoni. Toboeni ukuta wa nyuma, aingie kwa magoti, na akiingia alie.

– Asipolia?

– Mchapeni kidogo. Kisha apewe jina jingine, na atakayemchagulia ni mtoto. Mtoto ndiye Nyamongo mkubwa sasa.

– Upuuzi mtupu, alisema Sheria. Mbele ya serikali Nyamongo hajarudi. Kwenye cheti cha kifo chake chifu alipiga muhuri, wa zambarau, niliuona kwa macho yangu.

– Lakini atashuka kwa miguu yake, Bwana Sheria, alisema Shueib.

– Ashuke! Maiti akishuka kwenye basi bado ni maiti. Itabidi amwandikie D.C., mkuu wa wilaya, kuomba ruhusa ya kuishi. Fomu ya kuzaliwa ipo, ya kuoa ipo, ya kufa ipo. Ya kufufuka haijaletwa Kisii.

– Akinikuta pale nyumbani je? aliuliza Mogire.

– Mgeni ni yeye. Wewe umekaa kihalali, alisema Sheria.

– Mpeleke kaburini, alisema Burma. Mwambie, ndugu yangu, chumba chako tulikuchagulia hiki, hakivuji.

Wakacheka. Mogire naye akacheka, kisha akaona haya. Mgomba ule aliubeba mwenyewe begani, akilia kama mtoto, kwa ajili ya mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

Wakati huo dereva mmoja wa lori, jina lake Abdinasir, aliyekuwa akipeleka mbegu za mahindi Nyansiongo, alikuwa akinywa kahawa yake wima. Hawakuwa wakimjua.

– Samahani, wazee wangu. Mimi ni mpita njia. Huyu mama Kwamboka, yeye anamtaka nani?

Sheria alimtazama Burma. Burma akainamia kikombe chake.

– Hilo halikuwa kwenye mjadala, alisema Sheria.

– Haya. Lakini ameambiwa kwamba mumewe yu hai?

Wote wakamgeukia Mogire.

– Bado, alisema. Barua nimeipata Jumatatu. Nilitaka kwanza kupata ushauri.

Abdinasir alirudisha kikombe, akashukuru, akaenda zake. Mogire alijaribu kukumbuka Kwamboka alisema nini siku wazee walipompeleka yeye Mogire nyumbani kwa mjane huyo. Alikumbuka maneno ya wazee wote, mmoja mmoja, kwa majina. Ya Kwamboka hakuyapata. Alikumbuka tu kwamba mama huyo aliwaletea viti.

– Kaa, Mogire, alisema Burma. Hatujamaliza habari ya ukuta.

Mogire alikuwa amekwisha kusimama.

– Utamwambiaje? aliuliza Shueib.

– Sijui, alisema Mogire. Safari hii nitaleta viti mimi, aseme yeye.