Winchi Kubwa Mrudi Nayo: Risala ya Akina Mama wa Kiroboto

Mgeni rasmi, viongozi mliofuatana naye, bwana wa itifaki uliyekaa karibu na spika, majirani wote,

Tunakusalimu kwa heshima. Haya tutakayosema tumeyapata kwa binti yangu wa tatu, ambaye ndiye dereva wa gari letu. Aliniambia mimi, Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa kumi alasiri, amekaa kwenye kiti cha jikoni, matope yamemkaukia mpaka kwenye nyusi. Niliyaandika kwa penseli siku hiyohiyo. Wanakikundi wakayasikiliza mara mbili, wakasema yasomwe kama yalivyo. Nikisita mahali, ni miwani, si woga.

KARIBU

Karibu sana. Umekuja kukata utepe wa winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililokwama, ambayo ofisi yako ilituletea mwezi uliopita. Utaona gari limeoshwa na tairi zimepakwa rangi nyeusi, lakini pua yake iko wazi. Winchi ipo pale chini, juu ya gunia, imefutwa vumbi. Usimwulize dereva. Tumeifungua sisi, nati kwa nati, tukiwa na akili zetu timamu.

Juzi bwana wa itifaki aliipitia risala hii. Akasema, "Bibi, ukurasa wa pili uondoe. Mheshimiwa hapendi habari za matope." Tukamjibu kwamba hata sisi hatuyapendi. Ukurasa wa pili ninao hapa mkononi.

TULIKOTOKA

Sisi ni akina mama thelathini na mmoja. Kabla ya gari, mgonjwa wetu alibebwa juu ya mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba ya seremala. Yeye aling'oa bawaba, watu wanne wakashika pembe, safari ikaanza. Mlango ule umebeba wagonjwa wengi kuliko wageni uliowafungulia.

Kisha tukapata gari dogo, kuukuu, ambalo magurudumu yake yote manne yanavuta. Tuliliita Kiroboto, kwa sababu ni dogo na likigusa jiwe linaruka. Linabeba watu wanne: dereva, mkunga, mgonjwa, na ndugu mmoja wa mgonjwa. Kati yetu na kituo cha afya kuna kijito kimoja, hakina daraja. Wakati wa kiangazi tunaosha miguu pale na kuendelea na njia yetu. Mvua ikinyesha, chini yake panakuwa tope zito kama gundi, na Kiroboto hukwama.

TULIYOFANIKIWA

Kwa miaka mitatu Kiroboto amewafikisha akina mama sitini na wanne kituoni wakajifungulie kitandani. Hakuna hata mmoja aliyejifungulia njiani. Hayo ndiyo mafanikio yetu, na tulikuwa tunajivunia mpaka ile Jumanne.

KOSA LETU, NA LENU

Tuanze na letu. Fomu ya ofisi yako iliuliza: "Mnahitaji winchi ya ukubwa gani?" Katibu wetu akatugeukia na kalamu. Tukasema wote kwa pamoja, "Andika kubwa."

Mgeni rasmi, hiyo ndiyo tabia yetu na hatuifichi. Tukitaka mabati ishirini tunaandika sitini, kwa sababu tunajua ofisi itakata, ikate tena, na mwisho yabaki ishirini. Tumefanya hivyo tangu mama zetu. Safari hii ofisi haikukata. Tuliomba kubwa, ikaja kubwa kweli: winchi ya umeme, ya kuvuta kilo elfu tano na mia nne. Kiroboto akiwa amejaza watu wake wote, na tairi la akiba, na dumu la maji, ana kilo elfu moja na mia tatu. Tumempima juu ya mizani ya malori kule machimbo ya kokoto, lakini tumempima baada ya kuletewa winchi. Tungempima kabla, hata fomu tungeijaza kwa adabu.

Sasa lenu. Mtaalamu wa ofisi yako alikuja kusimamia ufungaji. Hakuuliza uzito wa gari. Hakwenda kijitoni. Fundi wetu wa kuchomelea, ambaye sote tunamwita Cheche, aliizunguka ile winchi mara mbili, akakuna kichwa.

"Bosi, hii ni ya lori."

"Fundi, nguvu ikizidi ina ubaya gani?"

"Haina ubaya, kama utakuwa unakaa wewe nyuma kusawazisha."

Mtaalamu akacheka, akapiga picha, akapanda gari lake. Winchi ile na chuma chake cha kuifungia tuliipima kwenye mizani ya magunia: kilo sitini na mbili. Ni sawa na kumkalisha mtu mzima juu ya bampa, safari zote, na hata mlimani hashuki. Springi za mbele ziliinama upana wa kiganja. Binti yangu alisema, "Mama, siku hizi Kiroboto anatembea kama anatafuta sindano chini."

ILE JUMANNE

Huu ndio ukurasa wa pili.

Mvua ilikuwa imenyesha. Saa moja asubuhi fundi cherehani wetu alishikwa na uchungu. Dereva akamchukua yeye, na dada yake, na mkunga. Walipofika katikati ya kijito, ukingo wa ng'ambo ulikuwa umemomonyoka. Ile pua nzito ikatangulia, ikazama kwenye tope mpaka taa.

Dereva akashuka, maji mapajani. Akavuta waya wa winchi mpaka kwenye mti wa ng'ambo, akafunga, akabonyeza rimoti. Hatutaisingizia winchi: nguvu inazo. Ilinguruma, ikamvuta Kiroboto moja kwa moja, ikampigiza uso kwenye ukingo wa udongo na kumshindilia humo. Injini ikazimika. Winchi ikaendelea kula betri yetu ndogo mpaka rimoti ikawa haina taa.

Njia ya kutoka ilikuwa nyuma, tulikotoka. Winchi iliyofungwa mbele haijui nyuma.

Mkunga akatoa kichwa dirishani. "Dereva, mwenzio huku siwezi kumwambia mtoto asubiri fundi."

Cheche alifika anakimbia, na nyuma yake mpasua mbao, amebeba begani winchi yake ya mkono, ile anayovutia magogo. Ni chuma cha urefu wa mkono, kina waya, ndoano na mpini. Hakiombi betri wala injini. Wakakifunga kwenye mti wa upande wetu, wakaweka kapi, yaani lile gurudumu la kupitishia waya ili nguvu iwe mara mbili, ndoano wakaitia nyuma ya Kiroboto. Dereva na wanakikundi waliokuwa wamekwisha kufika wakaushika mpini kwa zamu.

Winchi ya mkono ni ya polepole, hilo tunalikubali. Ukivuta na kurudisha mpini, bila kapi gari linasogea vidole vitatu. Ukiweka kapi, ni kidole kimoja na nusu. Lakini haikuliachia gari lirudi nyuma hata hicho kimoja na nusu. Akina mama walihesabu kwa sauti, na ndani ya gari fundi cherehani naye akapiga kelele, "Nyie! Mnavuta gari au mnanivuta mimi?"

Dada yake akamwambia, "Wote wawili. Nawe vuta!"

Mkia wa Kiroboto ulitoka majini saa nne na nusu, na mtoto akatoka saa hiyohiyo, kwenye kiti cha nyuma. Ni msichana. Cheche anamwita Kidole na Nusu, na tumeshindwa kumkataza.

Lakini gari lilikuwa limerudi upande wa kwetu, bovu, na mama alikuwa anatokwa na damu. Mgeni rasmi, unajua walivuka vipi? Seremala aling'oa mlango wake. Baada ya miaka mitatu, mlango ule ule. Watu wanne wakashika pembe, wakaingia majini, huku winchi ya kilo sitini na mbili ikiwa imening'inia kwenye pua ya gari, inameta.

TUNACHOTAKA

Tulikaa kikao, tukabishana. Cheche alitaka winchi ndogo ya umeme. Alisema chukua uzito wa gari lililopakia, ongeza nusu yake, hapo ndipo winchi ya umeme inapoanzia; kwa Kiroboto ni kama kilo elfu mbili. Anasema kweli. Mpasua mbao alitaka ya mkono. Wakazozana mpaka chai ikapoa. Mwishowe binti yangu akauliza, "Anayesimama majini ni nani?"

"Wewe," wakasema.

"Basi ni ya mkono. Naitaka ile inayovuta hata gari likifa, na inayovuta kokote, mbele au nyuma. Siku ya jua nailaza nyuma ya kiti, pua ya gari haijui kama ipo."

Katibu akaandika hivyo.

Kwa hiyo tunataka winchi moja ya mkono, ya kuvuta kilo elfu moja na mia sita, yenye waya wa mita ishirini. Pamoja nayo kapi moja, na mkanda mpana wa kufungia mti. Ukiweka kapi, nguvu inapita kilo elfu tatu, na Kiroboto hazidi hapo hata tope likimng'ang'ania.

Tunaomba usikate. Leo hatukuongeza chochote ili upunguze. Ukitoa waya mita kumi, haufiki mtini. Ukiondoa kapi, tope linashinda. Ukituambia tuchukue hii kubwa kwanza na nyingine tutaletewa, jibu letu ni hapana, na tunalisema mbele ya spika hizi ili lisipotee njiani.

Hii kubwa mrudi nayo. Lile lori la taka la ofisi yako, linalokwama kila wiki karibu na soko, lina pua ya kuibeba. Cheche atakuja kuifunga bure, na mtaalamu wako anaweza kuja kupiga picha.

Winchi ya mpasua mbao imerudi kwa magogo, kwa maana ndiyo inayolisha nyumba yake. Leo hatuna hata moja. Zimebaki wiki tano mvua kubwa zianze. Waangalie hao watatu waliokaa mstari wa mbele, wenye matumbo makubwa. Mmoja ni mke wa mpasua mbao. Hawakukaa hapo kwa sababu ya kivuli. Tumewaweka sisi, ili ukisema "tutalifanyia kazi" uwe unawatazama wao. Winchi isipofika kabla ya mvua, tutaubeba ule mlango mpaka kwenye ngazi za ofisi yako, pamoja na atakayekuwa juu yake. Tunaijua njia.

KUFUNGA

Mungu akupe afya, akurudishe salama, na gari lako lisikwame kijitoni, kwa sababu leo hatuna cha kukuvutia.

Tumalizie ile Jumanne. Kule kituoni damu ilikatika. Fundi cherehani akalala, mtoto akalala kifuani pake. Mkunga akalala kwenye benchi la nje, viatu miguuni. Cheche akalala chini ya gari alilodai anatengeneza. Aliyebaki macho ni binti yangu, jikoni kwangu, ananisimulia. Nikainuka kumchukulia chai. Nyuma yangu nikamsikia anasema, "Mama, huyo mgeni wenu akija, mwambieni..." Hakumaliza, na haya yote niliyosoma ndiyo tuliyoyaweka mahali pa maneno yake. Nilipogeuka na kikombe alikuwa amelala, ameketi vilevile, vidole vimekunjwa kana kwamba bado vimeshika mpini.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama wa Kiroboto