Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuuliza: Umemeza Dawa?

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Verla Hutchens anafunga droo yake katika Ofisi ya Askari Wastaafu ya Kaunti ya Pruett, hapa Arkansas, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Ameomba tusiseme mengi. Mimi ninayeandika nimekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na tisa na sijawahi kumtii hata siku moja, kwa hiyo nitasema.

Aliajiriwa Machi 1994 kupiga chapa kwa wiki sita, kumshikia nafasi mtu aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, mwenye mguu hakurudi, na Bi Verla akabaki. Kazi yake ikawa kuwaandikia madai ya ulemavu watu waliorudi kutoka vitani na mwili ambao si ule walioondoka nao. Ameandika madai ya masikio, ya magoti, ya ndoto mbaya. Lakini kilichompa jina katika kaunti hii ni presha.

Presha haina kovu. Aliyekatika mkono haulizwi mkono uko wapi. Mwenye presha hupewa vidonge, vidonge hushusha namba, na siku anapopimwa kwa ajili ya madai yake anaonekana mzima kuliko daktari. Kinachomwokoa ni kipimo cha zamani, cha kabla hajaanza dawa, chenye namba ya chini inayofika mia moja au zaidi. Basi Bi Verla akawa mwindaji wa vipimo vya zamani. Kimoja alikipata kwenye daftari la muuguzi wa kiwanda cha viatu kilichofungwa mwaka 1991. Kingine kilikuwa kimeandikwa kwa penseli nyuma ya Biblia ya mama mkwe wa mtu. Kingine alipewa na daktari wa meno aliyewahi kukataa kung'oa jino kwa kuona presha iko juu.

Mzee Lonnie Sparks, wa jeshi la wanamaji, alichoshwa na maswali yake mpaka akamwambia, "Bi Verla, hata mkwe wangu hakunipekua hivi nilipoenda kuposa."

"Mkwe wako hakukuamini," akajibiwa. "Mimi nakuamini, ndiyo maana napekua. Haya, mwaka themanini na tano ulikuwa unanyolewa wapi?"

Safari za kuvitafuta, tangu nilipokuja, niliendesha mimi, kwa sababu barabara kuu inamtisha. Alikaa kando yangu akikanyaga breki ambayo haipo. Nikimwambia anatoboa sakafu ya gari la kaunti, husema, "Garland, we endesha tu," na kuendelea kukanyaga.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuruka.

Doyle Rayburn alirudi kutoka Vietnam mwaka 1970 na kuendesha basi la shule la kaunti hii kwa miaka ishirini na sita. Karibu nusu ya watakaokaa ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga Bi Verla walipanda basi lake na kukaripiwa naye. Mwaka 2011 alidai presha, akapangiwa tarehe ya kupimwa. Wiki mbili kabla, wazee wenzake walimkalisha kwenye mgahawa, mbele ya mikate na mchuzi mweupe, wakamfundisha ujanja. "Vidonge vinaficha ugonjwa, Doyle! Ukienda umevimeza, watakwambia rudi nyumbani, kijana, una moyo wa ndama."

Doyle hakuwaamini moja kwa moja. Alimpigia Bi Verla. Siku hiyo foleni ilifika mlangoni na printa ilikuwa imegoma. Doyle akamuuliza kama ni kweli vidonge hushusha namba. Bi Verla akasema ni kweli, akamshukuru, akakata simu.

Doyle aliacha dawa siku tisa. Siku ya kumi alipimwa, na namba zilikuwa kubwa kiasi kwamba mpimaji alimwambia aende hospitali moja kwa moja. Alikwenda nyumbani kwanza, kumwambia mkewe kwamba amefaulu. Kiharusi kilimkuta barazani. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, na katika miaka hiyo alibakiwa na maneno manne, mojawapo likiwa "Wilma," jina la mkewe.

Madai yalikataliwa, kwa kuwa wakati ule hakukuwa na sheria iliyounganisha presha yake na vita. Kuanzia wiki ile, kila aliyeketi mbele ya Bi Verla, awe amekuja kwa ajili ya presha au kuuliza choo kiko wapi, aliulizwa swali moja kabla ya salamu: Umemeza dawa leo? Tulimcheka sana. Tulimchorea hata kibandiko. Mimi sikujua swali lilitoka wapi hadi mwaka 2019, tukiwa garini, aliponisimulia ile simu akiwa ameangalia dirishani. Nilikuwa mwepesi wa kumwambia si kosa lake. Akakanyaga breki yake isiyokuwepo, na sikurudia.

Mwaka 2022 sheria mpya ilikubali kwamba presha ya waliopigana Vietnam inatokana na dawa iliyomwagwa kule kuua misitu. Bi Verla alifika kwa akina Rayburn na fomu kabla wino wa sheria haujakauka. Presha ilikubaliwa. Kiharusi kikakataliwa, kwa barua iliyosema kwamba mdai alijiletea mwenyewe kwa kuacha dawa. Wilma aliisoma barua ile akaigeuza kifudifudi juu ya meza ya jikoni, na ikakaa hivyo hadi ilipopauka. Hakutaka kitu kingine duniani ila barua inayosema kwamba mumewe hakujiua.

Ilibidi kuthibitisha kwamba ugonjwa wa Doyle ulikuwa mkali tangu zamani, kabla ya kidonge cha kwanza. Bi Verla alitafuta kipimo cha zamani zaidi ya mwaka. Akakipata Oktoba iliyopita, stoo ya kanisa, kwenye boksi la mapambo ya Krismasi: karatasi za siku ya kuchangia damu, mwaka 1988. *Rayburn, D. Amerudishwa. 186 kwa 112. Amwone daktari.* Doyle alikuwa amemwambia mkewe kwamba alichangia, na alirudi nyumbani na biskuti wanazopewa waliotoa damu. Wilma alicheka mpaka akalia. "Mwizi mkubwa we!" akamwambia Doyle, na Doyle, kwenye kiti chake cha magurudumu, alitabasamu kwa upande uliobaki.

Alifariki Februari. Wilma akasaini fomu ya kuchukua nafasi yake katika madai, na mwezi Aprili barua ikaja. Bi Verla aliisoma kwa sauti jikoni: kiharusi kilitokana na presha, na presha ilitokana na utumishi. Wilma akaomba mstari huo usomwe tena. Ukasomwa tena. Kisha Bi Verla akaiweka barua chini, na nikiwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi, akamweleza Wilma habari ya ile simu.

"Najua," Wilma akasema. "Nilikuwa nimekaa kando yake. Nilisikia ukikata."

Akamsogezea Bi Verla kiti.

"Na vidonge nilikuwa nikiviona, Verla. Kila jioni kichupa hakipungui. Nikasema mume wangu ni mtu mzima, nisimfokee kama mtoto. Miaka yote hii nilidhani ukiniuliza kama *mimi* nimemeza dawa, unanisuta."

Nilitoka nje nikakaa garini. Walikaa mle ndani saa nzima, na hakuna aliyeniambia walisema nini.

Takwimu za utumishi wake ziko ubaoni ukumbini. Kambare wa kukaanga yuko mezani, msigombane. Bi Verla, kaunti inakushukuru, na wengi wa kukushukuru hawapo tena. Lakini mganga hajigangi. Jumatatu, tukikusaidia kuhamisha vitu, tulikuta kwenye droo yako, nyuma ya pini za karatasi, kichupa cha vidonge vya presha chenye jina lako, cha mwezi Novemba, kimejaa hadi shingoni. Sikucheka. Nilimwambia Wilma.

Tunakuombea miaka mingi ya kukaa bila foleni mlangoni. Wilma ameomba namba yako ya nyumbani, nimempa. Kuanzia kesho atapiga kila siku saa moja asubuhi, na amesema hatakata simu mpaka akusikie ukimeza.