Theluji ya Bibi Haihesabiwi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha kemia katika Sekondari ya Elm Prairie, Bi. Lorna Tveit anastaafu Ijumaa, tarehe 6 Juni. Mwalimu mkuu ameahidi kutolia. Wanafunzi hawajaahidi lolote, maana alama zao za maabara bado ziko mikononi mwake.

Alikuja kutoka Duluth na gari bovu, akasema atakaa mwaka mmoja. Akakabidhiwa ulezi wa Chama cha Wanafunzi wa Heshima kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Chama hicho kina nguzo nne: usomi, huduma, uongozi na tabia njema, na kila Machi tunawasha mshumaa kwa kila nguzo. Wengi wetu tuliona ni mapambo tu. Lorna aliziamini zote nne, na hapo ndipo taabu yetu ilipoanza.

Mlezi hana kura. Wanaochagua wanachama ni walimu watano, nami nimo. Lakini nani angeweza kupiga kura akikodolewa macho na Lorna? Mchana alikaa bwaloni akitazama nani anarudisha sinia lake na nani analitelekeza. Nahodha mmoja wa mpira wa kikapu alijua kurudisha sinia kabla hajajua kurusha mpira. Na kwenye karamu za walimu, tambi zake za samaki wa kopo tulizimaliza zote, tukajihesabia huduma.

Kisha binti yake, Solveig, akaomba kujiunga. Alieleza kwamba majira yote ya baridi alimzolea theluji mama mzee anayeishi peke yake. Tuliguswa sana. Lorna akasimama.

"Huyo mzee ni mama yangu," alisema. "Na kila akimaliza kuzoa analishwa mikate ya mdalasini. Huduma kwa ndugu haihesabiwi."

Bibi ana jina jingine la ukoo, kwa hiyo tusingejua kamwe. Tukamsihi aketi, tuendelee.

"Mtoto wa Kowalke tulimkataa mwaka jana kwa hilohilo," akasema. "Mama yake nitamtazamaje tukikutana dukani?"

Solveig akakosa nafasi. Tangu siku hiyo, nyumbani kwao hapakuwa na Mama tena. Palikuwa na "Mwalimu Tveit, naomba siagi," na "Mwalimu Tveit, natoka." Lorna alitusimulia hayo kwenye chumba cha walimu huku akicheka. Alicheka peke yake. Tulimhurumia, ila hatukuthubutu kumwambia, maana angetupa kazi ya kufanya.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Baridi iliporudi, Solveig alizoa theluji nusu ya Mtaa wa Tatu, kwa watu asio na undugu nao hata wa mbali. Akishamaliza alikwenda kwa bibi yake na kuzoa huko pia, bila kudai ahesabiwe hata saa moja ya huduma. Alipoomba tena, alipata kura zote tano.

Desturi yetu ni kwamba mwanachama mpya hupanda jukwaani, humpa mlezi mkono, husema "Asante, Mwalimu," huvalishwa naye pini ya chama, na kupita. Lorna hakuvumilia anayechelewesha msafara. Zamu ya Solveig ikafika. Akaushika mkono wa mlezi wake.

"Asante, Mama," akasema.

Msafara ukasimama. Lorna alijichoma kidole kwa pini mara mbili, na bado pini ikakaa upande. Wanafunzi wanane walikuwa wakingoja nyuma, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hicho, mlezi hakujali. Nasi hatukumharakisha.

Lorna, ahsante kwa kutuaibisha kidogo kila mwaka, tukawa watu wa afadhali. Tunakuombea afya njema, baridi fupi, na simu nyingi kutoka Madison, anakoishi sasa yule anayekuita Mama.