Kuku Aliyeitwa Hakimu

Kijiwe chetu pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, ni benchi moja tu, mbao za boti iliyovunjwa, mbele ya kibanda cha Dotto cha kuchaji simu. Birika langu la kahawa linakaa pembeni kwenye jiko la mkaa. Mimi ni Veneranda, ila wananiita Mama Birika. Mwaka huo Warundi walikuwa wanaingia kila siku, wanapelekwa makambini, na kwenye benchi ilikuwa ni kuulizana nani kavuka, nani kabaki. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu. Oswald, fundi wa mashine za boti, tunamwita Injini. Crispin, ofisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, tunamwita Wakili kwa sababu hata akishindwa hashindwi. Wa tatu ni Brigita, muuza dagaa. Yeye hatukumpa jina la utani. Alivuka kutoka Fizi, upande wa Kongo, akiwa mtoto, wakati wa vita vya tisini na sita, na habari za huko hakuwa anazigusa.

Asubuhi moja Dotto katoka kibandani mbio, simu mkononi, anatusalimia Kiha.

— Mwakeye wakubwa! Njooni muone katuni niliyoiokota mtandaoni. Si ya Wazungu, si ya Wachina. Boti ni hizi hizi zetu!

— Umeokota, au umemaliza bando kwa mambo ya watoto? Injini akamuuliza.

— Sio za watoto, mzee. Kuna watu wanachora wenyewe nyumbani, picha moja moja kwa mkono, wanazipanga mpaka zinatembea. Hawana kampuni, hawana tangazo. Ukitaka kuziona inabidi uzichimbe. Mimi nachimba.

Tukabanana kuangalia. Ilikuwa imechorwa kwa mkaa, nyeusi na nyeupe. Watu wanakimbilia ufukweni. Boti imejaa. Kijana anamnyanyua mdogo wake wa kike, anamsukumia ndani, yeye anabaki kwenye maji ya kifuani. Yule mtoto kakumbatia kuku, mguu wa kuku umefungwa kwa kitambaa kwenye mkono wake. Halafu boti inaondoka na wimbo unaanza, sauti ya mwanaume peke yake, bila ngoma: «Hakimu, Hakimu, usitage ndani ya boti.» Boti inakwenda, inakwenda, picha inakwisha.

Tukacheka, maana kuku alichorwa ana uso wa mtu anayetaka kutapika. Brigita hakucheka. Kikombe kilimponyoka, kahawa ikamwagikia miguu yake, wala hakuisogeza.

— Rudisha, alisema.

Dotto akarudisha. Brigita akaangalia mpaka mwisho.

— Huyo mtoto ni mimi. Na kuku alikuwa wetu. Baba ndiye alimwita Hakimu, kwa sababu alikuwa anatuangalia kama tumeiba.



— Dada Brigita, Wakili akaanza, tusikurupuke. Hizi kompyuta siku hizi zinachora zenyewe. Zinasikiliza watu wanaongea, zinatunga.

— Mimi habari hizi sijawahi kumwambia mtu.

— Basi uliota! Injini akadakia. Simu unalala nayo wapi?

— Chini ya mto.

— Si ndiyo hiyo! Ndoto inapita kwenye laini, inatua kwenye mnara, huko kuna watu kazi yao kuzidaka na kuziuza.

— Acha kamba, Injini, nikamwambia.

— Mama Birika, wewe unajua nini? Juzi nimeota ugali na mgebuka, nimeamka simu inanitangazia unga!

Wakili hakutaka kuachwa nyuma. Akasema huenda kuna idara nzima, ng'ambo huko, inayorekodi ziwa tangu zamani kwa mitambo, kila boti iliyopita wanayo. Injini akasema kama ni hivyo hata samaki wameajiriwa.

Kulikuwa na mwalimu mgeni, Angelina, kapangiwa shule Ilagala, anasubiri boti yake. Muda wote alikuwa anakunywa kahawa yake.

— Samahanini, alisema. Mbona boti haifiki?

— Ipi? Yako?

— Ya kwenye katuni. Kaichora vizuri kuondoka, mpaka mawimbi. Kwa nini hakuchora inafika?

  Ni Brigita aliyejibu, polepole.

— Kwa sababu hajui. Aliyechora ni kaka yangu Filemoni. Boti iliondoka akiwa kwenye maji. Kama nilifika, hajui.

Akamgeukia Dotto.

— Hapo chini mtu anaweza kuandika?

— Anaweza.

— Dada, mtandaoni kuna matapeli, Wakili akasema, na safari hii hakuwa anabishana, alikuwa anaogopa kwa niaba yake. Ukijitaja jina, watakuja wengi kujifanya ndugu. Utaumia mara ya pili.

— Nitaumia. Dotto, andika.

— Basi niachie mimi niweke lugha, Wakili akasema. «Husika na mada tajwa hapo juu, mimi ni mkazi wa...»

— Futa, Brigita alisema. Andika hivi: Hakimu alitaga. Tulikuwa tumeshaanza kuona mwanga wa Kigoma. Basi, usiongeze. Kama ni yeye, ataelewa. Kama si yeye, hatakuwa na la kujibu. Weka na namba yangu.

Dotto akaandika. Boti ya Ilagala ikaita abiria na mwalimu akaondoka.

Siku zilizofuata Brigita alianika dagaa wake na simu shingoni, kaifunga kwa kamba. Injini alimwambia apumzike kusubiri. Mume wake alimwambia vilevile, kwa upole. Yeye kila asubuhi anamwomba Dotto afungue palepale. Hamna kitu. Kesho yake anakuja tena. Nilimuuliza kama hachoki.

— Mama Birika, yeye alichora picha moja moja kwa mkono, miezi mingapi sijui, kwa mtu ambaye labda alizama. Mimi nichoke kwa kufungua simu?

Ijumaa moja nilikuwa namimina kahawa ya mwisho, simu shingoni kwake ikaita. Namba ndefu, ya nje. Wakili akaisoma, akasema ni Zambia. Mikono ya Brigita ilikuwa imelowa maji ya dagaa, ikateleza, Dotto akambonyezea, sauti ikatoka kubwa tukasikia wote.

Mwanaume hakusalimia. Hakuuliza jina. Alisema:

— Yai ulilifanyia nini?

Brigita akaishika simu kwa mikono miwili.

— Nilikuwekea wewe, alisema. Nilikuwekea mpaka likaoza.

Upande wa pili mwanaume akaanza kucheka, akacheka mpaka kikawa si kicheko tena. Brigita akakaa chini kwenye mchanga, katikati ya dagaa wake, akamngoja amalize.