Zamu ya Maji kwa Ndoto ya Marekani

Hebu niambie, wewe ungeuza maji ya mitende yako ukanunue ndoto ya Marekani? Swali hilo Mohannad alitamani kumtupia kila anayekatiza mbele ya duka la mshonaji pale mjini Ibra, penye benchi la kahawa ya laasiri. Benchini wanamwita Ohio. Babake aliuza zamu yao ya maji ya falaji, ule mfereji unaogawia mashamba yote, ili yeye akasome uinjinia huko Ohio, Marekani. Alirudi na digrii, mitende imekauka, imebaki magogo, na kazi mpaka leo hana. Sasa Ami Hamdun, mzaliwa wa Unguja, katangaza kuwa naye anauza zamu yake: binti yake Ghadeer kapata chuo Marekani.

— Mashallah! akasema Khattab, anayeitwa Balozi kwa sababu aliwahi kukaa Texas wiki mbili.

— Mashallah ya nini? Mohannad akamkata. Shuf, tazama, zamani mtu kule alifagia mchana, akasoma usiku, akajenga nyumba. Siku hizi anamaliza chuo, mkopo unamzeesha. Tamaa imekula kila kitu. American dream, khalas, imekwisha!

— Basi hizo ada zinakwenda wapi? akauliza mshonaji.

— Kwenye nyasi, akajibu Balozi. Kiwanja cha mpira cha chuo nilichokiona mimi, nyasi zake zinalala na eyakondishen.

— Muongo wee!

— Wallahi! Na zina daktari wao.

Ami Hamdun hakukubali kushindwa kwa chumvi.

— Nyasi si kitu. Vile vyuo ni mabenki yaliyovaa joho. Madarasa wameyaweka juu tu, kufunika kasha la pesa.

— Unayajua hayo, ami, na mtoto unampeleka?

— Wangu atafaulu. Wewe, samahani mwanangu, hukuwa na nyota.

Benchi zima likacheka. Mohannad naye akacheka, ingawa ilimchoma.

Ndipo akatokea Alaa, kaka wa mke wa Hamdun, katoka mji wa Nizwa. Akatoa shikamoo, akamiminiwa kahawa, akakipokea kikombe na kukiweka benchini bila kukigusa mdomoni. Wote wakakitazama kikombe. Mgeni mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe, na kumnyima ni aibu ya ukoo mzima.

— Ikiwa unataka maji, bei tutaelewana, Hamdun akasema. Kunywa.

— Sitaki maji, shemeji. Ghadeer kanituma. Anaomba usiyauze. Chuo cha Nizwa nacho kimemchukua, na anataka kusomea mambo haya haya ya maji.

— Na Marekani je?

— Kwani hiyo Marekani aliitaka nani?

Hamdun akamtazama Balozi. Balozi akatazama ndara zake.

— Kunywa basi, inapoa, Hamdun akasema.

— Umekubali?

— Nimekubali, kunywa bwana!

Alaa akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimemtosha, na vicheko vikarudi. Mohannad akaona raha, kama vile mitende iliyonusurika ni yake. Akasimama, akaligeukia jengo la serikali ng'ambo ya barabara.

— Haya, nyie mlokaa maofisini! Mlituambia tusome, tumesoma. Huyu binti akitoka na digrii yake, awekewe kazi. Na msimngoje yeye, wallahi. Anzeni na mimi!