Historia ya Dada Yetu, Aliyekwenda Kazini kwa Kuzunguka Nyumba

Ndugu waombolezaji, majirani, wazazi, na ninyi vijana mliolelewa na marehemu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, karatasi hii nimekabidhiwa asubuhi na kaka yetu mkubwa, nikaagizwa niisome kama ilivyo, nisiongeze wala nisipunguze, nami nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama muuguzi, wote wametangulia mbele ya haki. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985, na mwaka 1987 akapata cheti cha malezi ya watoto wadogo, akiwa wa tatu katika darasa la watu arobaini na mmoja, jambo ambalo karatasi hii imelisahau. Januari 1988 aliajiriwa kulea watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akadumu hapo hadi kiwanda kilipofungwa Septemba 1999. Aliolewa tarehe 20 Julai 1991 na fundi umeme, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Sasa nimefika mstari unaosema, Kazi, mama wa nyumbani. Kaka atanisamehe, huu sisomi.

Tarehe 10 Januari 2000 dada alifungua kituo cha kulea watoto mchana katika sebule yake, kwa kibali cha ofisi ya mtaa, akaleta viti vidogo kumi na sita na mikeka minne, makochi akayarundika chumbani, na shemeji tangu siku hiyo akawa anapanda juu ya kochi ili afike kitandani, wala hakuwahi kulalamika isipokuwa kwa kila mtu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu dada alivaa koti la bluu lililopigwa pasi na viatu vya kufunika, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba yake mwenyewe, akaingia kwa mlango wa mbele, na hapo ndipo alipokuwa amefika kazini, jioni akazunguka vilevile kurudi nyumbani. Tulimcheka sana, na mimi nilikuwa kinara, nilikuwa nikimuuliza kama kulikuwa na foleni pale kwenye kona ya bafu.

Hapo mlangoni aliweka daftari, kila mtoto akaandikwa saa ya kuingia na saa ya kutoka, na aliyemchukua akasaini, awe mama mzazi, awe hakimu, na koti lile dada hakulivua mpaka mstari wa mwisho uwe umesainiwa. Tukambandika jina la Bi Daftari, yeye akatabasamu, lakini nilimjua dada yangu, lilimuuma.

Watoto hawakumchosha, sisi ndio tuliomchosha, tuliompigia simu saa nne asubuhi atupokelee mtungi wa gesi, atukalishie mgeni, atuanikie nguo, kwa sababu yeye yuko tu nyumbani, na wapo wazazi hapa, siwataji, waliochelewa saa nzima baada ya muda wa kufunga na kumwambia kwamba walijua hana pa kwenda. Alikuwa akisema kwamba aliyekaa ofisini akinywa chai huitwa yuko kazini, na yeye mwenye watoto kumi na sita mikononi huitwa amepumzika, na alisema hivyo akisugua kiti kwa nguvu hata rangi ikatoka.

Mwaka 2011 aliomba usajili kamili wa kituo, na Jumatatu tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akaja afisa wa ustawi wa jamii kukagua. Siku hiyohiyo mimi nilikuwa na haraka ya kumpeleka binti yangu wa pili, wakati huo ana miaka minne na analelewa hapohapo kituoni, akapimwe gauni kwa fundi cherehani, nikaja na kandambili zangu, nikapita jikoni kama ilivyo kawaida ya ndugu, nikamshika mtoto mkono wakati dada yuko mbele na mgeni, nikaondoka naye, sikusaini, sikuaga. Afisa alipohesabu, daftari lilisema kumi na sita, kwenye mikeka walikuwa kumi na watano. Dada alimtafuta mtoto huyo chini ya meza, chini ya vitanda, chooni, na mwishowe, haya aliyaona jirani yetu mshonaji viatu, aliingiza mkono wote katika pipa la maji mpaka begani, akipapasa chini.

Niliporudi na mtoto saa sita nilimkuta amekaa kwenye kiti kidogo, koti limelowa, na badala ya kuomba radhi nikamwambia kwamba mtoto ni wangu na sioni sababu ya kutia saini ili nimchukue mwanangu kwa dada yangu. Nikaongeza kwamba hata kalamu sikuiona. Afisa aliandika kwamba hapo ni nyumba ya familia, si kituo, usajili ukakataliwa, wazazi saba wakawaondoa watoto wao, na dada akasubiri hadi tarehe 4 Machi 2013 ndipo akapewa cheti. Ndugu wote waliambiwa kwamba ni mambo ya ofisi. Hakunitaja kwa mtu, hata kwa mumewe. Nilichokiona kesho yake ni kalamu imefungwa kwenye daftari kwa kamba.

Tarehe 19 Agosti 2023, Jumamosi, akiwa anaosha viti, alipatwa na kiharusi, akalazwa wiki tano, na karani wa mapokezi alipoandika kwamba mgonjwa hana kazi, dada, mdomo umepinda, maneno hayatoki, aliivuta ile fomu kwa mkono wake mzima. Alirudi nyumbani, hali ikawa leo afadhali kesho taabani, akatutoka Jumanne tarehe 7 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, hasa muuguzi yule aliyemwita mwalimu bila kuambiwa na mtu, tunawashukuru majirani kwa maji, viti na turubai, na walezi wenzake wawili walioendelea kufungua kituo alipokuwa kitandani.

Jana, wakati tukiondoa viti ili tupate nafasi ya jeneza, nilifungua madaftari yake, nikatafuta tarehe 6 Juni 2011. Majina kumi na sita yapo, saini kumi na tano zipo, na mbele ya jina la binti yangu pako wazi, miaka kumi na tatu, dada hakupajaza wala hakupapiga mstari. Nimesaini leo asubuhi, kwa kalamu ile ya kamba, nikaandika saa niliyomchukua, na binti yangu, ambaye sasa ananizidi kimo, alikuwa amesimama pembeni akishuhudia.

Kaka, ufute mstari ule, uandike mwalimu. Na mtakapombeba, mumtoe kwa mlango wa mbele, mzunguke naye nyumba kwanza, kama alivyokuwa akirudi kutoka kazini.

Mwalimu, dada yangu, vua koti, watoto wote wameshachukuliwa. Pumzika sasa kwa amani.